Spa-Francorchamps: barabara ya mbio kati ya chemchemi na mvua

Chini ya mteremko mkali ulio karibu na kijiji cha Francorchamps, mashariki mwa Ubelgiji, kuna kijito chembamba ambacho mtu mzima hukivuka kwa hatua chache bila kulowesha magoti. Maji yake yana rangi ya kutu kwa sababu yanatoka katika ardhi yenye madini ya chuma, na ndiyo maana wenyeji walikiita Eau Rouge, yaani Maji Mekundu. Juu ya kijito hicho, mahali ambapo mtazamaji wa televisheni hawezi hata kutambua kwamba chini kuna maji, magari ya Formula 1, ambayo sisi tumezoea kuyaita magari ya langalanga, hupita kwa mwendo mkali, kisha huanza kuupanda mlima ambao mimi niliupanda kwa miguu nikalazimika kupumzika katikati.

Ninaishi Liège, takriban kilomita 50 kutoka hapo, na marafiki zangu walioko Tanga na Dar es Salaam huniuliza kila mwaka kama inafaa mtu atumie akiba yake kuja kutazama mbio za Spa. Jibu langu ni kwamba inafaa sana, ila mtu aje akijua anachokuja kukiona. Barabara nyingi za mbio duniani zilijengwa katika uwanja tambarare, mahali ambapo mhandisi alichora kona kama alivyopenda. Spa haikuchorwa hivyo. Ilikuwa njia ya watu ya kutoka kijiji hiki kwenda kile, ikifuata mabonde na vilima vya Ardennes, na mambo mawili ndiyo yaliyoipa sura: mlima na maji. Ukiyaelewa hayo mawili, utaelewa kwa nini madereva wengi huitaja barabara hii kabla ya nyingine yoyote, na kwa nini wengine waliichukia.

Majina yake yenyewe yanasimulia habari ya maji. Kona ya kwanza inaitwa La Source, yaani Chemchemi. Inafuata Eau Rouge, ambayo nimekwisha kuieleza. Katikati ya mteremko kuna Pouhon, neno la lugha ya Kiwalloni linalotumika kwa chemchemi ya maji yenye madini, na baada yake kuna kona za Fagnes, jina la nyanda za juu zenye majimaji zilizo karibu na hapo. Mji wa Spa wenyewe ulijulikana Ulaya nzima kwa maji yake ya tiba karne nyingi kabla ya gari kuvumbuliwa, hata jina lake likawa neno la kawaida katika lugha kadhaa kwa mahali pa kuoga na kujitibu. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba Spa mvua hainyeshi kwa ratiba, amesahau kwamba amekuja mahali ambapo maji ndiyo mwenyeji.

Historia ya barabara hii ina jambo moja linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki, nami sikulijua mpaka nilipofika. Kabla ya Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, kijito cha Eau Rouge kilikuwa mpaka wa nchi mbili. Upande huu ulikuwa Ubelgiji, na upande wa pili, ulipo mji wa Malmedy, ilikuwa Ujerumani. Palikuwa na kituo cha forodha mahali hapo, na kona ya zamani iliyopita kando yake iliendelea kuitwa Ancienne Douane, yaani Forodha ya Zamani. Mkataba wa Versailles wa 1919, uleule uliowapokonya Wajerumani koloni lao la Afrika Mashariki, ambalo baadaye liligawanywa, Tanganyika ikawa chini ya Waingereza na Ruanda-Urundi chini ya Wabelgiji, ndio uliowatoa Wajerumani Malmedy. Mwaka 1920 pembetatu ya barabara zinazounganisha Francorchamps, Malmedy na Stavelot ikawa yote ndani ya nchi moja, na mwaka huohuo Jules de Thier, aliyekuwa akiongoza gazeti la La Meuse la Liège, pamoja na Henri Langlois van Ophem, waliitazama pembetatu hiyo kwenye ramani wakaona mbio za magari. Bibi yangu, aliyezaliwa Lushoto Waingereza wakiwa wamekwisha kuchukua nchi, alikuwa bado akiziita nyumba fulani za mawe "za Wajerumani". Niliposimama Eau Rouge nikimkumbuka, niliona kwamba kalamu moja iliyotia saini kule Ufaransa ilihamisha mpaka wa kijito hiki na utawala wa milima yetu ya Usambara kwa wakati mmoja.

Mbio za kwanza zilipangwa kufanyika 1921, lakini dereva mmoja tu wa gari alijiandikisha, kwa hiyo wakashindana waendesha pikipiki. Magari yalikuja mwaka uliofuata, mashindano ya saa 24 yakaanza 1924, na mbio kubwa za kwanza za kimataifa zikafanyika 1925, na mshindi wake akawa Antonio Ascari wa Italia akiwa na Alfa Romeo. Barabara ya wakati ule ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 15, ikapunguzwa baadaye hadi kilomita 14 hivi, na haikuwa na ukuta wala kizuizi cha maana. Ilipita kando ya nyumba, nguzo za simu, miti na mashamba ya watu. Mwaka 1939 waliikata ile kona ya forodha na kutengeneza njia ya mkato inayopanda moja kwa moja mlimani, wakaiita Raidillon, yaani kipandio kifupi kikali. Watu wengi huita sehemu yote ile Eau Rouge. Kwa usahihi, Eau Rouge ni ule mpindo wa kushoto ulio chini kwenye kijito tu, na kinachofuata, yaani kulia ukipanda kisha kushoto ukiwa kileleni, ndicho Raidillon.

Sasa nieleze mzunguko mmoja ulivyo leo. Una urefu wa kilomita 7.004, ambao ndio mrefu kuliko yote katika kalenda ya Formula 1, na mashindano huwa na mizunguko 44. Kutoka sehemu ya juu kabisa, iliyo Les Combes, hadi sehemu ya chini kabisa karibu na Stavelot, kuna tofauti ya kimo ya takriban mita 100. Mtu aliyewahi kupanda kutoka Mombo kwenda Soni kwa basi anajua jinsi mlima unavyobadilisha kila kitu garini: mlio wa injini, kazi ya breki, hata namna abiria wanavyoshika viti. Spa ni mlima wa namna hiyo, ila gari linaumaliza wote, kupanda na kushuka, kwa chini ya dakika mbili.

Magari yanaanzia karibu sana na La Source, kona inayokunja kulia kama kiwiko, na hapo mwendo unashuka hadi chini ya kilomita 100 kwa saa. Kwa kuwa magari yote yanaifikia kona hiyo yakiwa bado yamebanana, ndiyo yenye ajali nyingi za mwanzo. Wakitoka hapo dereva hukanyaga mafuta hadi mwisho, na kama gari ni zuri na lami ni kavu, hatauondoa mguu kwa zaidi ya sekunde 20: anashuka mteremko mbele ya karakana za zamani, anavuka kijito, anapanda Raidillon, anaingia kwenye mnyooko wa Kemmel hadi breki za Les Combes. Pale chini kwenye kijito gari hukandamizwa ardhini na mteremko unaogeuka ghafla kuwa mpando, na mwili wa dereva unabanwa kwenye kiti. Sekunde moja baadaye, kileleni, mambo yanakuwa kinyume: gari linakuwa jepesi, matairi yanakosa uzito wa kuyabana, na dereva haoni kinachomsubiri upande wa pili wa kilele. Mpando wenyewe unafikia karibu asilimia 17. Siku hizi magari yenye mabawa makubwa hupita hapo bila dereva kupunguza mafuta, lakini zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1999 Jacques Villeneuve na Ricardo Zonta, wote wa timu moja ya BAR, walipata ajali palepale siku moja wakati wa kutafuta nafasi za kuanzia, na ni bahati kwamba wote wawili walitoka wakitembea.

Kwenye mnyooko wa Kemmel ndipo magari hupitana. Aliye nyuma hujificha katika hewa iliyokwisha kukatwa na gari la mbele, anapata mwendo zaidi, kisha anachomoka pembeni. Zonta huyohuyo alikuwepo katika tukio ambalo mimi nalihesabu kuwa la kupitana bora kuliko yote niliyowahi kuyaona. Ilikuwa Agosti 2000. Mika Häkkinen alikuwa akimfukuza Michael Schumacher, na katika mzunguko uliotangulia Schumacher alikuwa amemzibia njia katika mwendo ambao kosa dogo lingewaua. Wakamfikia Zonta, aliyekuwa nyuma yao kwa mzunguko mzima na alikuwa akiendesha katikati ya barabara. Schumacher akapita kushoto kwake, na Häkkinen, ambaye Schumacher hakumtarajia kwenda huko, akapita kulia, magari matatu yakawa sambamba, na Häkkinen akatangulia kuingia Les Combes. Akashinda.

Baada ya Les Combes barabara inaanza kushuka na haiachi kushuka kwa karibu kilomita tatu. Inakunja kulia kwa mduara mrefu mahali paitwapo Bruxelles au Rivage, ambapo gari linateleza kwa pua kwa sababu ardhi inakimbia chini yake, kisha inafika Pouhon, mipindo miwili ya kushoto inayochukuliwa kwa mwendo mkubwa. Fagnes na Stavelot zinafuata, na ile ya mwisho sasa ina jina la Paul Frère, Mbelgiji aliyekuwa dereva na mwandishi wa habari za magari kwa wakati mmoja, mshindi wa mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1960. Hapo ndipo chini kabisa. Kutoka hapo ni kupanda tena kupitia Blanchimont, mpindo wa kushoto wa mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa saa katikati ya msitu, mpaka kona finyu za Kituo cha Basi, ambazo ziliitwa hivyo kwa sababu zamani, barabara ilipokuwa ya umma, palikuwa na kituo cha basi kweli.

Schumacher alipofika hapa mara ya kwanza 1991 kama dereva mgeni wa timu ya Jordan, hakuwa amewahi kuendesha gari katika barabara hii, akaizunguka kwa baiskeli kwanza. Kisha akapata nafasi ya saba ya kuanzia, jambo lililowashangaza wote, ingawa gari liliharibika katika mzunguko wa kwanza. Mwaka uliofuata alipata hapahapa ushindi wake wa kwanza katika Formula 1, na mpaka anaacha mbio alikuwa ameshinda Spa mara sita, kuliko dereva mwingine yeyote. Mimi naamini ile baiskeli ilimfundisha kitu ambacho skrini haiwezi kumfundisha mtu, kwa sababu kamera hulaza vilima. Miguu ndiyo inayovijua.

Kuhusu mvua lazima niseme kwa urefu, kwa kuwa ndiyo iliyoandika nusu ya historia ya mahali hapa. Kwa sababu barabara ni ndefu na inazunguka vilima, huweza kunyesha Stavelot wakati La Source kuna jua. Dereva anaondoka mahali pakavu akiwa na matairi ya kukavu na kukuta maji baada ya kona tatu. Mwaka 1966 ndivyo ilivyokuwa. Mbio zilianza kukiwa kukavu, na upande wa pili wa barabara ile ndefu ya zamani mvua kubwa ilikuwa inawasubiri. Karibu nusu ya magari yalitoka barabarani kabla ya kumaliza mzunguko wa kwanza. Jackie Stewart alirushwa nje karibu na Masta, mpindo wa barabara ile ya zamani, akabaki amenaswa ndani ya gari lililopondeka huku petroli ikimtiririkia mwilini. Hapakuwa na waokoaji karibu wala vifaa. Madereva wenzake, Graham Hill na Bob Bondurant, ambao nao walikuwa wametoka barabarani palepale, ndio waliomwokoa, wakitumia spana waliyoazima kwa mtazamaji ili kuufungua usukani. Kuanzia siku ile Stewart alifunga spana ndani ya gari lake, na akatumia miaka yake iliyobaki ya mbio kudai vizuizi, madaktari na magari ya zimamoto, akitukanwa na waliodhani kwamba hatari ndiyo utamu wa mchezo. Jim Clark, aliyeshinda Spa mara nne mfululizo kuanzia 1962 hadi 1965, hakuficha kwamba aliichukia barabara hii. Katika mbio za 1960, mwaka wake wa kwanza katika Formula 1, madereva wawili, Chris Bristow na Alan Stacey, walikufa siku moja.

Madereva walikataa kuja 1969, wakarudi mara moja tu 1970, halafu Formula 1 ikahama. Barabara ya kilomita saba tunayoijua leo ilifunguliwa 1979, ikiwa imekatwa ile sehemu ndefu ya Malmedy na Masta, na Formula 1 ikarejea 1983. Usalama uliongezeka sana, lakini haukumaliza misiba. Stefan Bellof alifia Eau Rouge 1985 katika mbio za magari ya masafa marefu. Anthoine Hubert, kijana Mfaransa wa Formula 2, alifia hatua chache kutoka hapo tarehe 31 Agosti 2019, na Julai 2023 akafariki Dilano van 't Hoff, Mholanzi wa miaka 18, katika mbio za vijana, mvua ikiwa imeinua ukungu wa maji ambao walio nyuma hawakuweza kuona kitu ndani yake. Watu hudhani tatizo la mvua ni utelezi. Utelezi dereva anaweza kuumudu, upofu hawezi. Ndivyo ilivyokuwa pia 1998, wakati David Coulthard alipopoteza gari baada ya La Source na magari kumi na matatu yakagongana kwa kuwa hakuna aliyeona kilichokuwa mbele yake. Kwa hiyo mwaka 2021, maofisa walipowaweka watazamaji wakisubiri kwa saa nyingi mvuani, kisha wakazungusha magari mara chache nyuma ya gari la usalama na kugawa nusu ya pointi, mimi nilikuwa miongoni mwa walioona kwamba kutokushindana kulikuwa sahihi. Kilichokuwa kosa ni kuita matembezi yale mashindano.

Sasa niwaeleze wanaotaka kuja. Ukitua Brussels, panda treni hadi Liège-Guillemins, stesheni yenye paa jeupe la chuma na kioo alilolibuni Santiago Calatrava, kisha treni nyingine hadi Verviers. Wikiendi ya mbio huwekwa mabasi maalumu ya kupanda kutoka huko. Usije na gari ukiweza kuepuka, kwa sababu njia za vijijini ni zilezile nyembamba za zamani, na jioni ya Jumapili hujaa kabisa. Tiketi ya bei nafuu huitwa Bronze. Haina kiti, lakini kwa maoni yangu ndiyo iliyo bora kwa anayekuja mara ya kwanza, kwa kuwa inakuruhusu kutembea msituni kandokando ya barabara na kuchagua mwenyewe mahali pa kukaa. Ijumaa, wakati wa mazoezi, tembea uwezavyo. Pita kando ya Kemmel ndani ya miti, shuka hadi Pouhon ambako kuna kilima cha nyasi kinachokuwezesha kuona gari kwa sekunde nyingi, na ufike Stavelot kama magoti yanaruhusu. Jumapili chagua mahali pamoja penye skrini kubwa ukae hapo mapema. Chukua viatu vinavyoshika matope, koti la mvua lenye kofia, kitu cha kukalia kisichopitisha maji, na vizibo vya masikio hasa kwa watoto. Mwavuli uache nyumbani, kwa sababu unamzibia aliye nyuma yako.

Wasioweza kumudu bei ya Formula 1, waje Mei kwa mbio za saa sita za magari ya masafa marefu, au waje kwa zile za saa 24. Hizi za saa 24 nazipenda kwa moyo wote. Usiku wa manane, Raidillon, taa za magari zinapanda kutoka gizani kama watu wanaokimbia na kurunzi mlimani, na diski za breki zinaonekana nyekundu kila gari linapoingia La Source. Utakula chipsi motomoto kwenye karatasi, utalala saa mbili ndani ya gari, na utaamka ukute wale uliowaacha wakiongoza wamekwisha kutoka.

Mwaka 2024 nilikwenda Julai na mzee mmoja wa Verviers, mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye nyumba yake ndiyo niliyofikia nilipokuja Ubelgiji mara ya kwanza na ambaye mpaka leo namwita Baba. Alinitazama Jumamosi asubuhi nikiwa na shati jepesi akaniambia, "Mwanangu, mvula iko njiani, vaa koti," na nusu saa baadaye ilikuwa imefika. Magari yalitafuta nafasi zao katika maji. Max Verstappen alikuwa na muda bora kabisa lakini alikuwa na adhabu ya nafasi kumi kwa kubadilisha injini, kwa hiyo Charles Leclerc ndiye aliyeanzia mbele. Jumapili jua likawaka. Wengi waliingia kubadili matairi mara mbili, lakini George Russell aliingia mara moja tu, katika mzunguko wa 10, na matairi yale mapya akayatumia mpaka mwisho, mizunguko zaidi ya 30, huku mwenzake wa timu, Lewis Hamilton, akimkaribia kila kona. Mizunguko ya mwisho hakuna aliyekaa. Russell akavuka mstari nusu sekunde mbele.

Mbio zilipokwisha watu walifunguliwa kuingia barabarani, nasi tukaingia. Nilishuka mpaka Eau Rouge, nikasikia maji ya kijito upande wa kulia, halafu nikaanza kuupanda Raidillon. Lami yake ni laini kuliko inavyoonekana kwa mbali, na pembeni mwa mstari ambao magari huufuata ilikuwa imejaa vipande vidogo vya mpira vilivyosagika kutoka kwenye matairi, vyeusi na vyenye kunata, vikubwa kama kokwa za mbaazi. Viliganda kwenye soli za viatu vyangu nikawa naburuta miguu. Baba alisimama katikati ya mpando ameweka mikono kiunoni, akaniambia niendelee, yeye anakuja. Kutoka kileleni nilitazama nyuma nikaona jinsi barabara inavyozama, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa mwili wangu kwamba dereva aliye chini haoni chochote juu isipokuwa mbingu.

Tulikuwa kwenye basi la kurudi Verviers wakati kijana aliyekaa mbele yetu aliposoma kwenye simu kwamba Russell ameondolewa. Gari lake lilipopimwa baada ya petroli kutolewa lilikuwa na kilo 796.5, wakati uzito wa chini unaoruhusiwa ulikuwa kilo 798. Ushindi ukawa wa Hamilton. Timu yake ilieleza baadaye kwamba matairi yaliyolika kwa safari ndefu ile yalichangia kupunguza uzito, nami nilitazama vile vipande vya mpira kwenye viatu vyangu kwa namna nyingine.

Jumatatu Baba alinichukua kwa gari lake dogo tukaifuata ile barabara ya zamani, ambayo sehemu kubwa bado ni ya umma na mtu yeyote anaweza kuipita bure. Inatoka karibu na Les Combes, inashuka Burnenville kwa mpindo mrefu wa kulia, inapita pembeni mwa Malmedy, halafu inanyooka kuelekea Stavelot. Huko Stavelot, ndani ya abasia ya zamani, kuna jumba la makumbusho lenye magari na pikipiki zilizoshindana hapa, na anayefika Spa asiliache. Lakini kabla ya kufika huko kuna Masta, mpindo mdogo wa kushoto kisha kulia kati ya nyumba za watu, ambao madereva wa miaka ya sitini waliuchukua kwa karibu kilomita 290 kwa saa, ukuta wa nyumba ukiwa karibu na barabara. Tulikuwa tunakwenda kilomita 70. Nguo zilikuwa zimeanikwa uani, na trekta lilikuwa linatoka shambani. Mpindo ni mdogo kiasi kwamba Baba alikwisha kuupita kabla sijamwambia kuwa ndio wenyewe, ikabidi atafute mahali pa kugeuzia gari turudi.